Adui Mwungwana: Habari za Amedeo Guillet, Askari wa Farasi

Mtu asikiapo habari za vita vya 1939–1945 hufikiri vifaru na ndege. Farasi hamjii moyoni. Lakini alfajiri ya tarehe 21 Januari 1941, huko Keru katika nchi ya Eritrea, askari waliopanda farasi waliyashambulia majeshi ya Uingereza, na silaha zao zilikuwa panga, bunduki na mabomu ya mkono. Kiongozi wao alikuwa ofisa Mwitalia, Amedeo Guillet, mwenye umri wa miaka 31.

Guillet alizaliwa Piacenza mwaka 1909, katika ukoo wa wanajeshi. Alijua farasi kiasi cha kuchaguliwa kwa michezo ya Olympic ya 1936; akaiacha, akaenda vitani Uhabeshi. Vita hivyo havikuwa vya haki. Italia iliishambulia nchi huru, tena ilitumia moshi wa sumu. Ushujaa wa mtu mmoja hauwezi kulifuta jambo hilo, na kila asimuliaye habari zake hana budi kulitaja.

Baadaye alipewa kikosi cha wapanda farasi, watu wa Eritrea, Uhabeshi na Yemeni, Wakristo na Waislamu pamoja. Alijifunza Kiarabu, akaheshimu dini ya kila mmoja, wala hakuwakataza kukaa na jamaa zao kambini. Nao walimpa jina la Komandari Shetani, kwa kuwa risasi zilimkosa mara nyingi.

Mwezi wa Januari 1941 Waingereza walikuwa wakiingia Eritrea kutoka Sudani, na askari wa miguu wa Italia walikuwa wakirudi nyuma. Guillet aliamriwa awacheleweshe adui, ili wenzake wasikatiwe njia. Akazunguka na watu wake, na jua lilipochomoza wakatokea nyuma ya mizinga. Wapiga mizinga wakaigeuza upesi na kuipiga hali farasi wako karibu mno. Wapanda farasi wengi walikufa. Kazi waliyotumwa ilitimia, lakini gharama yake ililipwa kwa damu ya Waafrika, katika ugomvi wa falme mbili za Ulaya.

Tarehe 1 Aprili 1941 Asmara ilitekwa. Siku tano baadaye majeshi yaliyotoka Kenya, na KAR miongoni mwao, yaliingia Addis Ababa. Guillet hakusalimu amri. Alivua nguo za kijeshi, akavaa kama Mwarabu, akajiita Ahmed Abdallah, na kwa miezi kadhaa aliendelea kuwavizia Waingereza njiani. Farasi wake Sandor alitekwa. Yeye mwenyewe alitafutwa kila mahali, na zawadi ikatangazwa kwa atakayemtoa, hakutolewa.

Huko Massawa, pwani ya Bahari ya Shamu, mtu huyu aliyezaliwa katika nyumba ya kibwana aliuza maji mitaani apate riziki. Alipojaribu kuvuka kwenda Yemeni pamoja na mfuasi wake Daifallah, wenye chombo waliwaibia na kuwatosa baharini. Wakaogelea mpaka pwani, wakazunguka jangwani karibu ya kufa kwa kiu, mpaka mchunga ngamia mzee akawapa maji. Mzee yule hakuuliza kwanza kabila lao wala serikali yao.

Walipofika Yemeni, Guillet alitiwa gerezani Hodeida. Lakini Imamu Yahya alipopata habari zake alimfungua, akampa kazi ya kutunza farasi zake. Mwaka 1943 alirudi Italia kwa siri, ndani ya meli ya Msalaba Mwekundu, na mwaka uliofuata akaoa. Vita vilipokwisha aliingia katika kazi ya ubalozi, akaiwakilisha nchi yake Yemeni, Jordan, Morocco na India. Kile Kiarabu alichojifunza kwa askari wake sasa kilikuwa chombo cha amani. Na Max Harari, ofisa Mwingereza aliyemwinda Eritrea, akawa rafiki yake.

Alipostaafu alikaa Ireland, akipanda farasi hata uzeeni. Mwaka 2000, naye ana miaka 91, alizuru Eritrea, akapokewa kwa heshima katika nchi iliyokuwa imekwisha kupata uhuru wake. Alifariki Rumi tarehe 16 Juni 2010, mwenye umri wa miaka 101.

Mabibi na Mabwana, wazee wetu husema kwamba vita havina macho. Guillet aliishi karne nzima, akaandikwa vitabuni. Wengi waliompanda farasi nyuma yake pale Keru hawakuiona jioni ya siku ile, na majina yao hayatajwi. Asifuye ushujaa wa mkubwa na akumbuke pia wale waliomfuata, na yule mzee wa ngamia, ambaye bila ya kata yake ya maji habari hizi zingalikwisha jangwani.