GARI LINALOINAMA NYUMA
(Mazungumzo na wanafunzi wa ufundi wa magari, Kigali)



Leo tuzungumzie Land Cruiser za jamii ya 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, ambazo wengi mmeziona zikipeleka wagonjwa hospitali. Nyuma hubebwa na springi za majani. Gari likiinama nyuma, taa humulika juu na usukani huwa mwepesi mno, na nchi hii ni milima mitupu.

Wengi hukimbilia kununua shokapu. Shokapu haibebi uzito, hutuliza mtikisiko tu. Shusheni mizigo yote, egesheni mahali tambarare, kisha pimeni kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto. Upande mmoja ukiwa chini, tafuteni jani lililovunjika. Pande zote zikiwa chini, springi zimechoka.

Mtaambiwa zipashwe moto na kukunjwa upya. Kataeni. Chuma cha springi kikipashwa ovyo hupoteza nguvu yake, na gari hurudi palepale. Badilisheni pande zote mbili pamoja; mkitafuta kuukuu Gatsata, angalieni nyufa. Kuongeza jani nene husaidia, ila gari likiwa halina mzigo mgonjwa atarushwarushwa.

Msiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake! Wekeni stendi imara chini ya chesi. Boliti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini, la sivyo bushi zitakatika mapema. Yuboliti zikazwe tena baada ya siku chache za kazi.