Betri ya Sola Tuiweke Wapi?

Somo letu la leo ni betri ya umeme wa jua. Betri ni ghali. Je, tuiweke wapi nyumbani ili idumu?

Adui wa betri ni joto. Betri ya risasi na asidi hupenda joto la nyuzi 25 hivi za Sentigredi. Joto likizidi hapo kwa nyuzi 10, umri wake hupungua karibu nusu. Betri ambayo ingedumu miaka 4 huweza kufa baada ya miaka 2. Mjini Mombasa, mwezi wa Februari, joto la mchana hupita nyuzi 30 hata kivulini. Chini ya bati huzidi sana.

Basi, msiiweke darini, wala juani, wala karibu na jiko. Iwekeni chini, juu ya ubao, penye kivuli na hewa, mbali na watoto. Msiifungie sandukuni wala katika chumba cha kulala. Inapojazwa umeme hutoa gesi inayoweza kulipuka. Msiwashe moto karibu yake.

Sasa andikeni: "Betri hupenda kivuli na hewa."

Kisha jibuni: Betri yako iko wapi? Je, mahali hapo pana joto?

Kwaherini.