Binti wa Mrimba: Vinasaba, Tarihi na Asili ya Miji ya Pwani

Swali la asili ya Waswahili limejadiliwa kwa muda mrefu, na mara nyingi kwa hasira, kwa sababu ndani yake limo swali jingine zito zaidi, nalo ni la nani aliyeijenga miji ya mawe iliyotapakaa pwani kuanzia Lamu hadi Kilwa. Mwezi Machi 2023 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba, yaani ile kemia ya ndani ya mwili inayobeba urithi kutoka kwa wazazi hadi kwa watoto, uliofanywa katika mabaki ya watu 80 waliozikwa katika miji sita ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800, pamoja na mji mmoja wa bara, Makwasinyi. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo walikuwamo mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba, ambaye amechimbua mji wa Mtwapa kwa miaka mingi, na mtaalamu wa vinasaba David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mhadhara huu unashikilia kwamba thamani kubwa ya utafiti huo ni kuwarudisha katika historia wanawake ambao tarihi, yaani kumbukumbu za kale za watawala, ziliwaacha nje ya mlango.

Kusoma vinasaba vya kale katika pwani yenye joto na unyevu si kazi nyepesi, kwa kuwa hali hiyo ya hewa huvivunjavunja upesi, na hivyo watafiti hutegemea zaidi sehemu ngumu za mwili kama meno na mfupa unaolizunguka sikio la ndani. Kinachopatikana humo husomwa kwa njia zaidi ya moja. Mitokondria, ambazo ni viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, zina vinasaba vyake zenyewe ambavyo mtoto huvipata kwa mama peke yake, na kwa hiyo hufuata ukoo wa kikeni. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, na hufuata ukoo wa kiumeni. Kromosomu nyingine huchanganya urithi wa pande zote mbili, na urefu wa vipande vilivyochanganyika huwasaidia wataalamu kukadiria mchanganyiko ulianza vizazi vingapi nyuma.

Matokeo yalikuwa wazi kuliko ilivyotarajiwa. Katika wengi wa watu wa pwani waliopimwa, zaidi ya nusu ya urithi ilitoka Afrika, hasa kwa wanawake, na sehemu kubwa ya uliobaki ilitoka Asia. Kati ya urithi huo wa Asia, asilimia 80 hadi 90 ulitoka kwa wanaume wa Uajemi, na uliosalia ulihusiana na Bara Hindi. Kuchanganyika kulianza kufikia takriban mwaka 1000, na baada ya mwaka 1500 hivi, urithi mpya ulizidi kutoka Uarabuni.

Wako watakaosema kwamba Tarihi ya Kilwa imethibitishwa, na kwa kiasi fulani watakuwa wamesema kweli. Tarihi hiyo, ambayo João de Barros aliichapisha kwa Kireno mwaka 1552, inasimulia kuhusu Ali, mwana wa sultani wa Shiraz huko Uajemi, aliyekuja kwa jahazi akaipata Kilwa kwa kuinunua kwa nguo. Wasomi wengi wa nusu ya pili ya karne ya 20, wakiwa wamechoshwa kwa haki na dhana ya kikoloni kwamba Mwafrika hakuweza kujenga mji, waliliona dai la Ushirazi kuwa fahari ya kubuni tu. Lakini ikisomwa polepole, tarihi yenyewe haimhusu mwanamume peke yake. Katika masimulizi ya de Barros, Ali alidharauliwa na ndugu zake kwa kuwa mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi. Na katika simulizi za wenyeji wa Kilwa Kisiwani, mgeni kutoka Shiraz anamwoa binti wa Mrimba, mzee aliyekuwa na mamlaka kisiwani. Mama wa kwanza anatajwa kwa utumwa wake, na wa pili kwa jina la baba yake, ilhali zaidi ya nusu ya urithi wa wengi wa watu waliozikwa katika miji hiyo ulitoka Afrika, hasa kwa wanawake kama hao.

Akiolojia na lugha zinaunga mkono usomaji huu. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti midogo ya miti, ya zamani zaidi ikiwa ya karne ya 8, katika kijiji ambacho watu wake walitumia vyungu vya kienyeji; makazi, basi, yalitangulia zile ndoa ambazo vinasaba vinazionyesha. Lugha nayo imewaachia Waajemi maneno ya baharini kama bandari na nahodha, lakini mtoto, nyumba, moto, kupika na kulima, pamoja na msingi wa sarufi, vimebaki vya Kibantu.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mifupa mingi iliyopimwa ilitoka katika makaburi yaliyo karibu na misikiti, ambamo walizikwa watu wenye hadhi, na kwa hiyo haiwezi kuwasemea wavuvi, wakulima na watumwa waliokuwa wengi mijini humo.

Hata hivyo, desturi za pwani zinadokeza namna ndoa hizo zilivyoweza kuwa. Ngazidja, katika visiwa vya Komoro, hadi leo nyumba hujengwa kwa ajili ya binti, naye mume huhamia humo. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa Kilwa na katika mji wa Manda, basi mfanyabiashara aliyeletwa na kaskazi alipokewa katika nyumba ya mkewe, na watoto waliozaliwa humo walihesabiwa kwa nasaba ya baba huku wakijifunza kusema kwa lugha ya mama mwenye nyumba.