Jinja hadi Mbale: Saa za Angani na Saa za Nchi Kavu

Ofisa apimaye kwa rula ramani ya mashariki ya Uganda, kutoka Jinja moja kwa moja hadi Mbale, atapata kilomita zipatazo 130. Ndege ndogo iendayo kilomita 200 kwa saa huumaliza mwendo huo kwa dakika 40 hivi. Lori la askari likipitia Iganga na kushika barabara ya Tirinyi lina safari ya kilomita kama 145, nayo aghalabu huchukua saa mbili na zaidi. Kwa hesabu hiyo ndege imekwisha shinda.

Lakini hesabu hiyo ina kasoro. Jinja pana uwanja wa ndege. Viwanja vinavyotegemewa karibu na Mbale ni Tororo kwa upande wa kusini na Soroti kwa upande wa kaskazini. Ndege itokayo Jinja itatua Tororo baada ya kilomita kama 110. Hapo askari watashuka, watapakia vifaa vyao garini, kisha watakwenda kilomita 45 nyingine barabarani. Jumla ni kilomita 155, yaani kuzidi zile za lori! Na gari lenyewe sharti liwe limekwisha fika Tororo. Lisipokuwako, dakika zote zilizookolewa angani zitaliwa kivulini, askari wameketi juu ya mizigo yao.

Uganda ililijua jambo hili kwa uchungu. Usiku wa tarehe 3 Julai 1976, ndege 4 za Israeli aina ya Hercules zilitua Entebbe kutoka Sharm el-Sheikh, mwendo wa kilomita zipatazo 4,000 uliochukua zaidi ya saa 7. Hata leo watu husimulia urefu wa safari ile. Lililo kubwa zaidi kwa askari ni kwamba magari yalikuwamo matumboni mwa ndege zenyewe, yakashuka yakiwa tayari kukimbia. Hapakuwa na wa kumngoja.

Huko Nametsi, wilayani Bududa, mambo yalikuwa kinyume. Tarehe 1 Machi 2010 mteremko wa Mlima Elgon uliporomoka ukakizika kijiji. Askari waliopelekwa kuokoa walichimba kwa majembe na sepetu, maana njia za mlimani zilizojaa tope hazikupitisha mitambo mizito. Masafa yaliyobaki yalikuwa mafupi mno kwa ramani, lakini yalipimwa kwa miguu, na chini ya udongo mlikuwa na watu.

Basi kamanda wa Jinja aitwaye usiku kwenda Mbale ana ya kuuliza kabla ya kutaja kasi ya ndege yoyote. Nani yuko Tororo na gari, na lina mafuta? Maji ya Mpologoma yamepanda barabarani? Lori litakomea wapi, na kuanzia hapo majembe yatabebwa na nani?