Funga Kitabu, Nieleze


Tunauza mbuzi, tunachanga kwenye chama, karo inalipwa. Mtoto anarudi likizo, anakesha na vitabu, lakini matokeo ni yale yale. Tusikimbilie kusema ni mvivu au hana kichwa. Mara nyingi hajaonyeshwa namna ya kusoma.

Wengi hurudia ukurasa mmoja mara tano, mara sita. Maneno yanazoeleka machoni, naye anadhani ameshika. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walitoa matokeo ya utafiti wao. Wanafunzi waliosoma habari fulani mara mbili, baada ya wiki moja walikumbuka karibu asilimia 42. Waliosoma mara moja, kisha wakaandika wanachokumbuka bila kuangalia, walikumbuka karibu asilimia 56.

Basi sisi tufanye nini, hata tusiofika sekondari? Jioni mwambie mtoto, "Funga kitabu, nieleze." Akikwama, afungue pale alipokwama, halafu aeleze tena. Muulize, "Kwa nini iko hivyo?" Baada ya siku tatu arudie, na baada ya wiki tena. Kisha alale, maana kukosa usingizi kunadhoofisha kumbukumbu.

Akikosea tusimkemee. Anayeogopa kukosea huacha kujaribu. Na wasichana wapewe muda huo pia, wasiachiwe jiko na mtungi peke yao.

Karo imetutoa jasho. Kumsikiliza mtoto dakika 20 hakutudai hata shilingi.