USINGIZI UNAFUNDISHIKA
(Hotuba ya walimu wakimbizi, iliyosomwa Kigali Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Leo ni siku ya kukumbuka. Tunakumbuka njia tuliyopita kutoka Kongo, kambi ya Kiziba iliyofunguliwa mwaka 1996, na ya Gihembe iliyofuata mwaka 1997 ikafungwa mwaka 2021. Lakini sisi walimu tumeombwa kusema juu ya jambo lisiloonekana mchana, yaani usiku wetu. Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha. Wengi wetu tunaujua usiku mwingine, ule unaokawia.

Kwanza tuungame kosa letu. Watoto walikuwa wakisinzia darasani asubuhi. Tuliwaita wavivu, tukawasimamisha kwenye kona, wengine tukawachapa. Tulipowatembelea nyumbani tulikuta mtoto halali kwa sababu baba anazunguka usiku kucha ndani ya chumba kimoja, au mama anapiga kelele kwa ndoto mbaya. Tuliwaadhibu watoto kwa ajili ya usiku wa wazazi wao. Tunawaomba radhi.

Ndugu zetu, huo si uchawi wala si wazimu. Tulipokuwa njiani, kukesha ndiko kulikotuokoa, na mwili ukajifunza kukesha. Hatari imepita, lakini mwili bado unalinda zamu. Zaidi ya hapo, mtu analala saa moja jioni kwa kukosa taa, anageuka-geuka hadi saa nane usiku, na mkeka unakuwa mahali pa mawazo. Sisi walimu tunajua kwamba kilichofundishwa vibaya kinaweza kufundishwa upya.

Wapo wataalamu wa kazi hiyo. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Richard Bootzin wa Marekani alieleza kanuni hizi: lala pale tu usingizi unapokujia; kitanda kiwe cha kulala, si cha kuhesabia shida; usingizi usipokuja, inuka, kaa kando kimya, urudi ukisinzia; amka saa ile ile kila siku; mchana usilale. Mwaka 1987 Arthur Spielman na wenzake walieleza njia nyingine. Mtu anayelala chini saa tisa huku anapata usingizi wa saa sita tu, akae kitandani saa sita. Usingizi ukishakuwa mzito, anaongezewa robo saa, kidogo kidogo. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani wa Marekani kilishauri kwamba mtu mzima mwenye tatizo hili la muda mrefu aanze na mafunzo ya namna hii kabla ya vidonge.

Kwa ndoto mbaya, daktari Barry Krakow na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2001 juu ya wanawake waliofanyiwa ukatili. Walifundishwa kuchukua ndoto mchana, kuibadilisha wapendavyo, na kuirudia hiyo mpya akilini kila siku. Ndoto mbaya zilipungua.

Mtauliza, nani atatufundisha hapa? Wenyeji wetu Wanyarwanda wanaujua usiku huo. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, nchi ililazimika kuandaa wanasaikolojia na wauguzi wake wa afya ya akili. Hapa Kigali iko hospitali ya Ndera, na wauguzi hao wapo katika hospitali za wilaya. Anzeni kwenye kituo cha afya. Msione haya kusema, "Silali."

Tena tunaonya. Kupunguza saa za kulala hakumfai mwenye kifafa, wala dereva, bila uangalizi wa mganga. Anayekoroma sana na kukabwa pumzi usingizini apimwe kwanza. Vidonge vya sokoni na pombe visiwe dawa. Pombe huleta usingizi wa kwanza, kisha humwamsha mtu alfajiri.

Tunajua pia kwamba kanuni hizi ziliandikwa kwa watu wenye vyumba vingi. Kwetu kitanda ndicho kiti, na ndipo mtoto anapoandikia somo lake. Basi tandikeni mkeka usiku tu, na mchana ukunjwe. Wekeni kigoda karibu na mlango kwa anayekesha. Asiyelala asiamshe nyumba nzima.

Kamati tunaiomba mambo matatu. Redio na ngoma zinyamaze saa nne usiku. Walinzi wa zamu wasipige kelele karibu na nyumba. Na muuguzi wa afya ya akili apewe saa moja kila juma ya kuongea na wazazi. Darasa tutalitoa sisi, na kiboko tumekwisha kukiweka chini.

Hatukuchagua usiku tuliokimbia. Lakini watoto waliozaliwa kambini hawakukimbia popote, nao wanastahili kulala. Mungu awape usiku mwema.