Bamba la Chini ya Gari: Lichague kwa Njia Unayopita

[MUZIKI WA KUFUNGULIA, KISHA UNASHUKA]

Popote mlipo, Kakuma, Kalobeyei, Nakivale au Kyangwali, karibuni tena katika mazungumzo yetu ya ufundi. Leo tunaongea na madereva, mafundi wa magari na wachomeleaji. Tunaongea pia na vikundi vilivyochanga fedha vikanunua gari moja la kubeba mazao, bidhaa au wagonjwa. Habari yetu ni bamba linalofungwa chini ya gari ili kuikinga injini isigongwe na mawe. Wengine huliita sampo gadi.

Tuanze na sampo yenyewe. Sampo ni bakuli lililo chini kabisa ya injini, nalo ndilo linaloweka oili. Mafundi waliotoka Kongo na Burundi huliita karteri. Katika magari mengi bakuli hilo ni la bati jembamba au la alumini. Jiwe moja likilipasua, oili humwagika. Dereva asipozima injini mara moja, vyuma vitasagana vikavu na injini itanoki baada ya dakika chache.

Sampo iliyotoboka inaweza kuzibwa au kubadilishwa. Injini iliyonoki ni jambo lingine: inaweza kumeza akiba yote ya kikundi. Na kama gari hilo ndilo linalompeleka mama mwenye uchungu hospitalini usiku, hasara haihesabiki kwa fedha.

Kwa hiyo bamba lina kazi. Lakini kuna bamba linalokinga na kuna bamba linaloongeza uzito tu. Wengi wakienda kununua huuliza swali moja: ni nene kiasi gani? Swali hilo lina maana, ila si la kwanza. Uliza kwanza: bamba hili likigongwa, pigo linakwenda wapi? Bamba lililofungwa vizuri hupeleka pigo kwenye chesisi, yaani mifupa mikubwa ya gari. Lililofungwa vibaya hujikunja na kuigonga sampo ileile ulitaka kuikinga.

[MUZIKI MFUPI]

Kabla ya kununua chochote, chungulia chini ya gari lako likiwa mahali tambarare. Tafuta mikwaruzo, mibonyeo na rangi iliyobanduka. Gari lenyewe litakuambia linagongwa wapi. Mikwaruzo ikiwa mbele chini ya bampa, njia yako ina makorongo au kingo kali. Ikiwa katikati, njia ina tuta kati ya alama mbili za magurudumu. Ikiwa nyuma, tazama tangi la mafuta na ekzosi.

Kisha ifikirie njia yenyewe. Anayevuka laga za Turkana hukutana na mawe yaliyoletwa na maji na kufichwa na mchanga. Mvua ikinyesha milimani, laga ya jana si laga ya leo. Anayepita njia za udongo mzito msimu wa mvua hukutana na matope yanayoshika na kukauka. Wote wawili wanahitaji bamba, ila si la namna moja.

Angalia pia aina ya gari. Chukua mfano wa Toyota Land Cruiser 70, ile ya kazi nzito mnayoiona kila siku ikiwa pikapu au ambulensi. Gari hilo lilianza kutengenezwa mwaka 1984. Ekseli yake ya mbele ni moja nzima, kutoka gurudumu hadi gurudumu, na difu imo ndani ya ekseli hiyo. Difu, ambayo wengine mnaiita ponti, iko chini kuliko sampo. Bamba la injini haliikingi. Dereva wa gari hilo lazima ajue difu iko upande gani, ili jiwe lisipite chini yake.

Kuna magari mengine, kama Toyota Hilux nyingi za miaka ya karibuni, ambayo kila gurudumu la mbele hupanda na kushuka peke yake. Humo difu ya mbele imefungwa juu, kwenye mwili wa gari, na bamba refu linaweza kuikinga pamoja na sampo. Lakini gari la namna hiyo likipakiwa mzigo au likidunda, tumbo lake lote husogelea ardhi. Kwa hiyo bamba lake hugongwa mara nyingi zaidi.

[MUZIKI MFUPI]

Sasa tuje kwenye chuma. Fundi wa kambini huwa na njia tatu.

Ya kwanza ni bati la pipa la mafuta. Hilo liache. Ni jembamba mno. Litazuia matope na changarawe, lakini jiwe likiligonga litabonyea hadi kwenye sampo.

Ya pili ni shiti ya chuma. Kwa magari mengi, milimita 3 zenye kingo zilizokunjwa zinafanya kazi vizuri. Milimita 4 ni za njia ya mawe mengi. Kukunja kingo ni muhimu, kwa sababu ndiko kunakolipa bamba nguvu, kama mikunjo inavyolipa nguvu bati la paa. Tupige hesabu ya uzito. Bamba la urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 60, la milimita 3, lina kilo 14 hivi. La milimita 4 linakaribia kilo 19. Uzito huo unabebwa na springi za mbele kila siku, na mafuta yake unayalipia wewe.

Ya tatu ni alumini. Bamba la alumini la ukubwa huohuo, hata likiwa na milimita 6, lina chini ya kilo 10. Halipati kutu. Lakini bei yake iko juu, huchimbika linapoburuzwa juu ya mwamba, na mashine ya kawaida ya kuchomelea chuma kambini haitalifaa likipasuka. Kwa wengi wetu, chuma ambacho fundi wa jirani anaweza kukinyoosha kwa nyundo ndicho chaguo la busara.

Na hapa kuna faida kwa wanaochanga. Shiti nzima ya futi 8 kwa 4 inatoa mabamba manne ya kipimo tulichotaja, na kipande kinabaki. Wenye magari wanne wakinunua pamoja, kila mmoja analipia robo.

[MUZIKI MFUPI]

Tumefika kwenye kufunga, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Sikiliza mambo matano.

Moja. Funga bamba kwenye chesisi au kwenye vyuma vizito vilivyofungwa kwenye chesisi. Usilifunge kwenye sampo wala kwenye giaboksi. Tumia matundu yaliyopo kwa boliti imara. Usichomelee bamba moja kwa moja kwenye chesisi: moto hudhoofisha chuma cha chesisi, na siku ya kubadilisha oili hutaweza kulitoa.

Mbili. Acha nafasi kati ya bamba na sampo, angalau upana wa vidole viwili. Bamba zuri hubonyea kidogo linapogongwa, na injini nayo hutikisika kwenye raba zake. Pasipokuwa na nafasi, kila pigo litafika kwenye sampo.

Tatu. Sehemu ya mbele ya bamba iinuke kwa mteremko, ili gari lipande juu ya jiwe badala ya kulipiga uso kwa uso. Ukiunga mabamba mawili, ncha ya nyuma ya bamba la mbele ipite chini ya ncha ya mbele ya bamba linalofuata. Ukifanya kinyume, litachota mawe na matope kama koleo. Vichwa vya boliti vizamishwe au vifichwe, la sivyo mawe yatavinyoa na hutapata pa kuweka spana.

Nne. Toboa matundu. Tundu moja likae chini ya nati ya kumwagia oili, na mengine yatoe maji, matope na joto. Bamba lililozibwa kote hugeuka beseni: matope yakikauka humo, gari huongezeka uzito, chuma hula kutu na hewa haipiti. Kwenye nyika kuna hatari zaidi. Majani makavu yakikusanyika kati ya bamba na ekzosi ya moto, yanaweza kuwaka. Yaondoe kila jioni unapopita kwenye nyasi ndefu.

Tano. Usalama wako wewe fundi. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Weka stendi au magogo imara, na zuia magurudumu. Ukilazimika kuchomelea kitu chochote kilicho kwenye gari, tenganisha betri kwanza na kaa mbali na tangi na mipira ya mafuta. Kazi ya kuchomelea bamba lenyewe ifanyie chini, pembeni, si garini.

[MUZIKI MFUPI]

Ndugu dereva, bamba likishafungwa, usilifanye ruhusa ya kukimbia. Bamba limetengenezwa kwa pigo la mwendo wa taratibu. Ukiligonga jiwe kwa kasi, hata kama sampo itapona, pigo lote litaingia kwenye chesisi na boliti. Mbele ya laga, simama, shuka, tembea kwa miguu uone. Maji yakiwa yanakimbia, usivuke. Hakuna bamba linalozuia mafuriko.

Ukigonga kitu kwa nguvu, simama mahali salama, zima injini na chungulia chini. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, usiseme utafika tu hapo mbele. Zima palepale. Kila baada ya safari mbovu, kaza boliti na angalia kama bamba limeanza kugusa sampo. Likianza kugusa, litoe na linyooshwe.

Na kama gari si lako, ni la shirika au la tajiri aliyekuajiri, usilitoboe wala kulibadilisha kwa uamuzi wako. Mwonyeshe mwenye gari mikwaruzo uliyoiona na umweleze njia unayopita. Mikwaruzo hiyo ndiyo ushahidi wako.

Kwa vikundi vya kusikiliza pamoja, haya ni maswali ya kujadili leo. Chini ya gari letu, mikwaruzo mingi iko wapi? Bamba tulilo nalo limefungwa kwenye nini? Kama fedha inatosha kitu kimoja mwezi huu, tairi zilizoisha au bamba, tuanze na kipi? Swali la mwisho lina jibu fupi: tairi na breki kwanza. Gari lisiloweza kusimama halihitaji kinga ya tumbo.

Tumefika mwisho wa mazungumzo ya leo. Mnaosafiri, safari njema. Mafundi, kazi njema. Tukutane tena kipindi kijacho.

[MUZIKI WA KUFUNGA]